Kumlalamikia Kocha wa Mpira wa Kikapu Chuoni Marekani: Mwongozo kwa Mchezaji na Familia Yake

Tarehe 6 Agosti 2020 Chuo Kikuu cha Texas Tech kilimfukuza kazi Marlene Stollings, kocha mkuu wa timu yake ya wanawake ya mpira wa kikapu, siku moja baada ya gazeti la USA Today kuchapisha malalamiko ya wachezaji waliosema kwamba waliishi kwa hofu, wasiwasi na sonona. Stollings alizikana tuhuma hizo. Linalomhusu kila mchezaji hapa ni mahali habari yenyewe ilikotoka. Waandishi hawakutegemea uvumi, kwani kwa kutumia sheria ya nyaraka za umma walipata kumbukumbu za mahojiano ambayo chuo huwafanyia wachezaji msimu unapokwisha. Wachezaji 12 kati ya 21 walikuwa wameihama timu tangu kocha huyo aanze kazi mwaka 2018, na malalamiko yao ya misimu miwili yalikuwa tayari kwenye majalada ya chuo. Yangesemwa kwa mdomo peke yake, yangeondoka pamoja na waliohama.

Sheria ya Marekani nayo inalipa uzito mkubwa suala la nani aliarifiwa. Katika shauri la Gebser dhidi ya wilaya ya shule ya Lago Vista, mwaka 1998, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba mwanafunzi aliyenyanyaswa kingono na mwalimu hawezi kuidai shule fidia mpaka athibitishe kwamba afisa mwenye mamlaka ya kurekebisha hali alijua kwa hakika, kisha akapuuza. Kwa hiyo kilio ulichomlilia kocha msaidizi ndani ya basi, au maneno uliyomnong'oneza anayekufunga bandeji kabla ya mechi, huenda yasihesabiwe kuwa taarifa kwa chuo. Kazi yako ya kwanza ni kuhakikisha kwamba chuo kimearifiwa, na kwamba hakitaweza kusema baadaye kuwa hakikuarifiwa.

Kabla ya kuandika lolote, lipambanue kosa lenyewe, kwa sababu kila aina ya kosa ina mlango wake. Kocha mkali, anayepaza sauti na kukuweka benchi, hajavunja sheria kwa hayo tu, na malalamiko yanayochanganya ukali wa kawaida na dhuluma ya kweli humpa msomaji nafasi ya kuyatupa yote. Kosa la kingono, kwa maana ya kuguswa, kutongozwa, kutumiwa picha au kuahidiwa dakika za kucheza kwa malipo ya mwili, pamoja na ubaguzi wowote wa kijinsia, linaangukia chini ya Title IX, sheria ya shirikisho ya mwaka 1972 inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika taasisi za elimu zinazopokea fedha za serikali kuu. Matusi ya rangi, ya asili ya nchi yako au kejeli juu ya lafudhi yako yanaangukia chini ya Title VI ya Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964. Kuzidishiwa saa za mazoezi ni kosa la kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, ambazo katika msimu zinaruhusu saa 20 kwa wiki na zisizozidi 4 kwa siku, pamoja na siku moja ya kupumzika kila wiki. Kutukanwa na kutishwa kusikohusiana na jinsia wala rangi kwa kawaida hushughulikiwa kwa kanuni za maadili za chuo chenyewe, ambazo ni dhaifu kuliko sheria lakini zimekwisha kuwaondoa makocha kazini.

Jambo la majeraha ninalitenga peke yake, kwa kuwa ndilo wachezaji wengi hulivumilia wakidhani ni sehemu ya mchezo. Mwaka 2019 Chuo Kikuu cha North Carolina kilileta mawakili kutoka nje kuichunguza timu ya Sylvia Hatchell, kocha aliyekuwa na ushindi zaidi ya 1,000 na ubingwa wa taifa wa mwaka 1994. Wachunguzi waliwahoji watu 28, wakaripoti kwamba alikuwa ametoa maneno yasiyojali hisia za watu wa rangi nyingine, na kwamba wachezaji na watu wa tiba walisikitishwa na shinikizo lake katika masuala ya matibabu. Alijiuzulu mwezi Aprili mwaka huo. Katika makundi makubwa ya vyuo vinavyoshindana pamoja (conference) kwenye Division I, daraja la juu la NCAA, tangu mwaka 2016 kanuni zinasema kwamba daktari wa timu na mtaalamu wake wa tiba ndio wenye neno la mwisho kuhusu kurudi kwako uwanjani, na kocha hana haki ya kulipinga. Ukiambiwa ucheze kinyume cha agizo la daktari, usibishane na kocha. Mwandikie daktari huyo barua pepe jioni hiyo hiyo, umweleze ulivyoambiwa na umwombe athibitishe kwa maandishi kama ameridhia. Jibu lake, liwe lipi, litakuwa ushahidi.

Anza kuweka kumbukumbu leo, hata kama hujaamua kulalamika. Tumia daftari lako mwenyewe au anwani ya barua pepe isiyo ya chuo, kwa sababu anwani ya chuo na kifaa ulichopewa na timu havipo mikononi mwako siku utakapoondoka. Andika tukio siku lilipotokea, ukitaja tarehe, saa, mahali, waliokuwepo, maneno yaliyosemwa kadiri unavyoyakumbuka na ulichokifanya baada yake. Taja ulichokiona na kukisikia wewe, na jambo uliloambiwa na mwenzako liandike kuwa uliambiwa. Sentensi isemayo "kocha ananionea kila siku" haina pa kushikwa. Sentensi yenye nguvu ni ya namna hii: "Jumanne tarehe 14 Januari, mazoezini, kocha mkuu aliniamuru nirudi uwanjani mbele ya timu nzima, ilhali daktari alikuwa ameniandikia mapumziko mpaka tarehe 20, na nilipokataa aliniambia kwamba ufadhili wangu hautafika mwakani." Mchunguzi akiisoma, anajua amwite nani na aulize nini.

Mchezaji mwenye jamaa Afrika Mashariki aangalie saa. Meseji uliyomtumia mama ukiwa Texas usiku wa Jumatatu, kwenye simu yake iliyoko Mombasa itasomeka asubuhi ya Jumanne, na wakili wa upande wa pili ataitumia tofauti hiyo kudai kwamba hadithi yako haikubaliani na nyaraka zako. Andika kila mara kwamba saa unayoitaja ni ya jimbo ulilopo, na uitaje kwa hesabu ya Kimarekani, kwa maana saa kumi jioni yetu ni saa nne yao. Meseji za kocha usizifute, hata zile zinazokuaibisha wewe. Zipige picha ya skrini zikionyesha jina na tarehe, kisha uhifadhi mazungumzo yote pamoja na yaliyotangulia na yaliyofuata. Kuhusu kurekodi sauti, uwe mwangalifu sana. Sheria ya shirikisho na ya majimbo mengi inaruhusu mmoja wa wanaozungumza kurekodi, lakini California, Florida, Pennsylvania na Washington ni miongoni mwa majimbo yanayotaka kila mmoja aridhie, na kurekodi kwa siri huko kunaweza kukugeuza wewe kuwa mshtakiwa.

Ikiwa umeshambuliwa kingono, mpangilio wote huu unasubiri. Nenda mahali salama, piga 911 ikiwa hatari haijapita, na uende hospitali mapema iwezekanavyo, hususan ndani ya siku tatu hadi tano, bila kuoga kwanza ukiweza. Nguo ulizokuwa umevaa ziweke kwenye mfuko wa karatasi. Una haki ya kufanyiwa uchunguzi wa kitabibu wa kukusanya ushahidi bila malipo, na huhitaji kuamua siku hiyo kama utakwenda polisi. Hata kama umekwisha kuoga, na hata kama siku zimepita, nenda vilevile kwa ajili ya afya yako. Kukawia hakukuondolei haki ya kulalamika.

Kuna tofauti ya watu ambayo wachezaji wengi huijua wakiwa wamechelewa. Wafanyakazi wengi wa chuo, wakiwemo makocha wasaidizi, kwa kawaida wanatakiwa na sera ya chuo kuyapeleka mbele yale unayowaambia kuhusu unyanyasaji wa kingono, hata kama umewasihi wanyamaze. Wanasaikolojia wa kituo cha ushauri cha chuo, wahudumu wa afya na viongozi wa dini wa chuoni mara nyingi wana ruhusa ya kutunza siri. Ikiwa unataka kufikiri kwa sauti kabla ya kuamua, anza na hawa wa kundi la pili, na kabla hujasema neno muulize kila mmoja moja kwa moja: "Nikikueleza, utalazimika kumwambia nani?"

Ukishaamua, peleka malalamiko ya kingono au ya kijinsia kwa mratibu wa Title IX. Kila chuo kinachopokea fedha za serikali kuu kinalazimika kuwa na mtu huyo na kutangaza jina, barua pepe na simu yake kwenye tovuti. Malalamiko ya aina nyingine mpelekee mkurugenzi wa michezo, lakini usimpelekee yeye peke yake, kwani ndiye aliyemwajiri kocha na sifa ya uamuzi huo ni yake. Nakala ipate pia mkuu wa masuala ya wanafunzi, na vilevile mhadhiri anayewakilisha wanataaluma katika masuala ya michezo, ambaye NCAA inataka kila chuo mwanachama kiwe naye na ambaye hana cheo cha utawala wala cha ukocha katika idara ya michezo. Binafsi ninamwona mhadhiri huyu kuwa mtu asiyetumiwa inavyostahili, kwa sababu wachezaji wengi humaliza miaka minne bila kujua kwamba yupo. Kocha akiwa pia anafanya kazi na timu za USA Basketball, shirikisho la taifa la mchezo huu, Kituo cha SafeSport cha Marekani, kinachoshughulikia unyanyasaji michezoni na kilichofunguliwa mwaka 2017, nacho kinaweza kuwa na mamlaka juu yake.

Barua iwe fupi. Jieleze wewe ni nani na uko mwaka wa ngapi, sema kwa uwazi kwamba unawasilisha malalamiko rasmi dhidi ya kocha fulani, panga matukio kwa tarehe, taja mashahidi, orodhesha viambatisho, kisha ueleze unachokiomba: uchunguzi, kutengwa na kocha wakati wa uchunguzi, na uthibitisho wa maandishi kwamba barua imepokelewa. Weka sahihi. Chini ya kanuni za Title IX za mwaka 2020, ambazo ndizo zinazotumika tena tangu mahakama ya shirikisho huko Kentucky ilipozifuta zile za mwaka 2024 mnamo tarehe 9 Januari 2025, chuo kinalazimika kuanzisha uchunguzi kinapopokea malalamiko rasmi yaliyotiwa sahihi na mwathirika au na mratibu mwenyewe. Barua pepe ya manung'uniko isiyo na ombi la uchunguzi haikifungi chuo kwa namna hiyo. Ujue pia kwamba kanuni hizo zinahusu mambo yaliyotokea ndani ya Marekani, hivyo tukio la safari ya timu nje ya nchi lilalamikiwe kwa kanuni za maadili za chuo, na ulieleze katika barua hiyo hiyo ili lisiachwe nyuma.

Wenzako wakiwa wamepatwa na mambo yale yale, kila mmoja aandike ya kwake kwa maneno yake, halafu barua zipelekwe siku moja. Barua moja yenye sahihi kumi huonekana kama njama, na ndani yake matukio ya mmoja humezwa na ya mwingine. Barua kumi zilizoandikwa mbalimbali na zinazokubaliana ni vigumu kuzipuuza. Msizirekebishe ili zifanane.

Tangu siku unayopeleka taarifa una haki ya kupewa hatua za kukusaidia, hata usipowasilisha malalamiko rasmi: ushauri nasaha, kubadilishiwa ratiba ya masomo au makazi, kusindikizwa, au amri ya kutowasiliana. Ziombe kwa majina yake, maana chuo hakitakisia unachokihitaji. Una haki ya kuwa na mshauri unayemchagua mwenyewe, awe wakili au mtu mwingine yeyote, na usipokuwa naye siku ya kusikilizwa, chuo ndicho kitakachokupa mtu wa kuuliza maswali kwa niaba yako. Pande zote mbili hupewa ushahidi na siku 10 za kuujibu kabla ripoti haijakamilishwa, na katika usikilizaji mshauri wa kila upande humhoji mtu wa upande wa pili. Jiandae kuhojiwa. Kocha naye huhesabiwa kuwa hana hatia mpaka mwisho wa shauri, na ni haki iwe hivyo, kwa kuwa uamuzi uliopitia utaratibu huu ni mgumu kupinduliwa kwa rufaa. Ukiitwa kwenye mapatano ya kirafiki katika shauri la unyanyasaji wa kingono, kataa na utaje kanuni: mapatano yasiyo rasmi hayaruhusiwi pale mfanyakazi wa chuo anapotuhumiwa kumnyanyasa mwanafunzi kingono.

Kulipiza kisasi ni kosa linalojitegemea. Hilo lilithibitishwa na Mahakama ya Juu mwaka 2005 katika shauri la Roderick Jackson, kocha wa mpira wa kikapu wa wasichana katika shule ya sekondari huko Birmingham, Alabama, aliyeondolewa ukocha baada ya kulalamika kwamba timu yake haikupewa fedha na vifaa sawa na wavulana. Mahakama ilisema kwamba Title IX inamlinda pia anayelalamika. Kwa hiyo dakika zako za kucheza zikipunguzwa ghafla, ukiondolewa kwenye kundi la meseji la timu au ukiamriwa kufanya mazoezi peke yako, yaandike kama ulivyoandika yale ya awali na uyapeleke kama malalamiko mapya. Usiyaongeze kwenye ya zamani kwa mdomo.

Hofu kubwa ya wengi ni ufadhili, na kwa mchezaji wa kigeni hofu hiyo imefungwa pamoja na viza. Njia aliyoipita Madina Okot wa Kenya, aliyechezea Mississippi State kisha South Carolina, inatamaniwa na mabinti wengi wa kwetu, na ndiyo maana tishio la "nitakurudisha kwenu" lina nguvu kuliko ukweli wake. Kocha hana mamlaka juu ya viza yako. Chini ya kanuni za NCAA, ufadhili hauwezi kukatwa katikati ya kipindi chake kwa sababu ya kiwango chako cha uchezaji au kwa sababu umeumia, na ukipunguzwa au usipohuishwa, chuo lazima kikujulishe kwa maandishi kwamba unaweza kuomba kusikilizwa na chombo kilicho nje ya idara ya michezo. Omba kusikilizwa hata kama umeamua kuhama. Viza ya F-1, yaani ya mwanafunzi, hufuata masomo, kwa hiyo kosa la hatari ni kuacha vipindi kwa uchungu na kushuka chini ya masomo ya muda wote bila idhini. Muone kwanza afisa wa wanafunzi wa kigeni aliyeidhinishwa kushughulikia fomu yako ya I-20, ile inayothibitisha uanafunzi wako, kwa kuwa anaweza kukuruhusu kupunguza masomo kwa sababu za kiafya, na akahamisha kumbukumbu zako kwenda chuo kipya. Aliyetendewa jinai kubwa kama ubakaji, na akashirikiana na vyombo vya dola, amuulize wakili wa uhamiaji kuhusu viza ya U.

Mzazi uliye Eldoret au Mwanza, una nafasi yako, ila ina mipaka. Sheria ya FERPA ya mwaka 1974 inampa mwanafunzi wa chuo haki ya kumbukumbu zake mwenyewe, hivyo chuo hakitakufungulia jalada la binti yako mpaka yeye atie sahihi kibali. Kitafuteni kibali hicho mapema. Usimpigie kocha simu kumgombeza, kwani utamzindua kabla ushahidi haujahifadhiwa. Hifadhi kila meseji na sauti ya WhatsApp binti yako anayokutumia, usibadilishe simu bila kuvinakili, na uandike tarehe uliyoambiwa jambo kwa mara ya kwanza, kwa sababu wewe ni shahidi wa lini alilisema. Zaidi ya yote, usimwambie avumilie kwa ajili ya jina la familia. Akikwambia anataka kuacha mpira, muulize kwanza kilichotokea.

Yawezekana chuo kikaamua kwamba hakuna kosa. Mwaka 2015 uchunguzi ulioagizwa na Chuo Kikuu cha Illinois ulihitimisha kwamba tuhuma za ubaguzi wa rangi dhidi ya makocha wa timu ya wanawake hazikuonyesha ukiukaji wa sera. Wachezaji saba wa zamani waliendelea na kesi, na mwaka uliofuata chuo kilikubali kulipa dola 375,000 kuimaliza. Huko Penn State, mwaka 2006, chuo chenyewe kiliona kwamba kocha Rene Portland alimjengea mchezaji wake Jennifer Harris mazingira ya uhasama kwa kumdhania kuwa msagaji, kikamtoza faini ya dola 10,000 na kumwacha kazini. Harris hakuiondoa kesi yake. Ilimalizwa kwa makubaliano Februari 2007, na mwezi uliofuata Portland alijiuzulu.

Rufaa ndani ya chuo katika mashauri ya Title IX iko wazi kwa pande zote mbili, na muda wake huwa mfupi, hivyo soma sera siku ile ile unayopokea uamuzi. Sambamba na hilo unaweza kulalamika kwa Ofisi ya Haki za Kiraia ya Wizara ya Elimu ya Marekani, bila wakili na bila malipo, kwa kawaida ndani ya siku 180 tangu tendo la mwisho la ubaguzi. Ofisi hiyo ilifungiwa vituo 7 kati ya 12 vya kanda mwezi Machi 2025, kwa hiyo tarajia kusubiri, na usiitegemee peke yake. Muda wa kufungua kesi mahakamani hufuata sheria ya jimbo. Kwingine ni miaka miwili au mitatu, na yako majimbo yanayotoa mwaka mmoja tu, na muda huo unaendelea kuhesabiwa hata wakati chuo kinachunguza. Mtafute wakili mapema, kabla chuo hakijatoa uamuzi, na kabla hujahama omba kwa maandishi kuliona jalada lako lote, ukitaja FERPA. Chuo kina siku 45 za kukuonyesha.